Muuzaji Asiyeonekana: Juu ya Utapeli katika Uuzaji wa Silaha Mtandaoni

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya wanaosali Misa ya Kiswahili nchini Marekani



Tume ya Haki na Amani ilipotuomba tuzungumze nanyi mintarafu matapeli wanaouza silaha kwa njia ya mtandao, baadhi yenu mlishangaa. Mliuliza, na swali lenu lilikuwa la haki, Kanisa lina kazi gani na biashara ya bunduki? Wengine mlisema afadhali tuzungumze juu ya ndoa, ama juu ya watoto wetu wanaokisahau Kiswahili. Mambo hayo yana siku zake. Tumeikubali mada hii kwa kuwa katika parokia tunazozihudumia imekwisha kugusa nyumba tatu tunazozijua, na kwa kuwa katika nyumba mojawapo ilibaki kidogo tu damu imwagike.

Yafaa kwanza tukumbuke sisi ni nani. Wengi wetu tumefika nchi hii kutoka Kivu na Burundi, baada ya miaka mingi ya kambi, wengine Nyarugusu kule Kigoma, wengine Kakuma kule Turkana. Wengine tulitoka Kenya na Tanzania kwa masomo au kwa kazi. Wamo humu ukumbini watu walioacha nyumba na mashamba kwa sababu ya mlio wa bunduki uliosikika usiku mmoja. Ni ajabu, tena ajabu ya kusikitisha, kwamba mtu wa namna hiyo leo aketi sebuleni na simu mkononi akitafuta bastola ya kununua. Lakini tusiwe wepesi wa kumhukumu. Anafanya kazi zamu ya usiku, anarudi saa tisa, kioo cha gari lake kimevunjwa mara mbili katika maegesho, na majirani zake wanazo silaha na wanasema hivyo waziwazi. Sheria za nchi hii humruhusu mtu mzima asiye na pingamizi kumiliki silaha. Sisi kwa upande wetu tungependelea asinunue, na tutasema hivyo kila tutakapoulizwa. Nyumba yenye watoto wadogo na bastola katika droo hutunyima usingizi. Lakini leo tunamsemea mtu aliyekwisha kuamua kununua, ama anayeelekea kuamua, na pia tunamsema yule anayemvizia.

Habari ya baba mmoja

Habari hii tunaisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe. Si mmoja wa wanaosali hapa, kwa hiyo msihangaike kumtafuta kwa macho. Na ieleweke kwamba hatukuipata katika kitubio. Ingalikuwa hivyo, tungaliinyamazia hadi kaburini.

Baba huyo aliona tangazo la bastola mtandaoni. Bei yake ilikuwa dola 250, ilhali duka la karibu na kwake liliuza bastola ya namna ile kwa zaidi ya dola 500. Muuzaji alijitambulisha kuwa askari wa jeshi anayehamishwa kituo, ndiyo maana ana haraka. Alikuwa mpole wa maneno. Alimwuliza hata hali ya watoto. Alimpelekea picha ya bastola, picha ya leseni ya duka la silaha, na picha ya nyumba aliyosema ndiyo yake. Akaeleza kwamba yeye yuko jimbo jingine, lakini ataituma bastola kwa sanduku mpaka mlangoni, bila usumbufu wa makaratasi. Akamtaka alipe kwa programu ya simu ya kutumiana fedha, tena achague mahali panapoonyesha kwamba fedha zinakwenda kwa rafiki au ndugu, na penye sababu ya malipo asiandike silaha bali aandike kodi ya nyumba.

Tuliposoma ujumbe ule katika simu yake, hapo ndipo tulipotua. Maneno hayo machache ndiyo yaliyomfunga mikono. Kampuni nyingi za malipo hukataza fedha za silaha zisipite kwao, na fedha zilizotumwa kama kwa rafiki hazina kinga ambayo mnunuzi wa bidhaa huwa nayo. Kwa kukubali kuandika uongo mdogo, baba huyo alikuwa amejinyima mapema nafasi ya kudai haki yake. Tapeli aliye stadi haanzi na wizi. Humshirikisha kwanza mwenzake katika uongo, ili baadaye aone haya kulalamika.

Siku mbili baadaye ulikuja ujumbe wa kampuni iliyojiita ya usafirishaji, ukidai dola 150 za bima, zitakazorudishwa mara bastola itakapofika. Akalipa. Kisha, badala ya sanduku, ikaja simu. Mtu mwenye sauti nzito, aliyejiita ofisa wa serikali kuu, alimwambia kwamba amegunduliwa akinunua silaha kinyume cha sheria, kwamba jina lake li njiani kwenda idara ya uhamiaji, na kwamba shauri lingefungwa endapo angelipa faini siku ile ile kwa kadi za zawadi, zile zinazouzwa madukani, na kumsomea namba zilizo nyuma yake. Alinunua kadi za dola 600. Kwa jumla akawa amepoteza dola 1,000 na bastola hakuiona.

Ndugu wapendwa, zile dola 600 hazikuwa zake. Alikuwa amepewa dhamana ya mfuko wa rambirambi wa jumuiya yake, mfuko ambao ninyi nyote mnaujua, ule tunaouchangia ili mwenzetu akifariki ugenini azikwe kwa heshima ama asafirishwe kwao. Alichota humo akikusudia kurudisha siku ya mshahara. Kabla ya siku hiyo kufika, jumuiya ikafiwa na mtoto. Akina mama walipokuja kuchukua fedha za jeneza, baba huyo aliwaambia kwamba benki ilikuwa na hitilafu. Mkewe, aliyekuwa hajui lolote, aliapa mbele yao kwamba mumewe ni mwaminifu. Ndipo alipokuja kwetu usiku, akiwa bado amevaa viatu vya kazini.

Kwa nini silaha

Mtu aweza kudanganywa kwa gari, kwa nyumba ya kupanga, kwa mbwa, hata kwa tiketi ya ndege ya kwenda Nairobi. Kwa nini basi tapeli apende silaha? Tumelitafakari jambo hili na wanasheria wa Tume, nasi twaona sababu kubwa ni kwamba katika silaha mnunuzi huwa na hofu yake mwenyewe tangu mwanzo. Huenda hajui sheria. Huenda anaijua nusu. Huenda anaogopa kuulizwa maswali dukani kwa lafudhi yake na makaratasi yake. Basi amwonapo muuzaji anayeahidi kwamba hakutakuwa na maswali, huona amepata wema, kumbe ndiyo nafasi ambayo mwizi alikuwa akiingoja.

Upo ushahidi wa wazi. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iitwayo GAO, ilitoa taarifa ya jaribio lake. Wachunguzi wake, wakijificha utambulisho, walijaribu mara 72 kununua silaha kutoka kwa wauzaji binafsi katika mtandao wa kawaida, na katika majaribio hayo walijionyesha kama watu waliokatazwa na sheria ama watu wanaotaka silaha ivushwe mpaka wa jimbo. Mara 56 wauzaji walikataa. Mara 5 wenye tovuti waliifunga akaunti ya wachunguzi. Mara 11 zilizobaki muuzaji alionekana kuwa tapeli, na katika mara 2 kati ya hizo wachunguzi walilipa na hawakupata kitu. Katika mara zote 72 hakuna hata silaha moja iliyofika. Litazameni vema jambo hili. Mnunuzi alipotaka njia ya kichochoro, wauzaji waaminifu walijiondoa mmoja mmoja, na mlangoni akabaki tapeli peke yake. Katika ule mtandao wa siri, unaohitaji programu maalumu, wachunguzi walijaribu mara 7 na mara 2 walifaulu kununua, ambalo ni jambo la kutisha kwa namna nyingine. Lakini baba wa familia hapiti huko.

Tovuti kubwa zimelijua tatizo hili zamani. Soko la mtandaoni la eBay lilipiga marufuku uuzaji wa silaha za moto mwaka 1999, na Facebook ilikataza watu binafsi kuuziana silaha kwake mwaka 2016. Kwa hiyo ukikuta tangazo la bastola katika kurasa hizo, limejipenyeza kwa mafumbo, na aliyeliweka anajua kwamba anavunja kanuni za mahali alipo.

Njia iliyo wazi

Sisi si wanasheria, na majimbo ya nchi hii yanatofautiana mno. Hata hivyo yapo mambo ya sheria ya serikali kuu ambayo kila mmoja wetu yampasa kuyafahamu, kwa kuwa kuyafahamu ndiyo kinga ya kwanza.

Mwenye duka la silaha lazima awe na leseni ya serikali kuu. Anayenunua kwake hujaza fomu iitwayo 4473, na muuzaji huuliza rekodi zake kwa mfumo wa uchunguzi unaoendeshwa na FBI tangu mwaka 1998, kufuatana na sheria ya Brady ya mwaka 1993. Mtu binafsi asiyefanya biashara ya silaha, anayeuza bunduki yake kwa mkazi mwenzake wa jimbo moja, halazimishwi na sheria ya serikali kuu kufanya uchunguzi huo, ingawa majimbo kama California, Colorado na Washington yameulazimisha kwa sheria zao. Maaskofu Katoliki wa Marekani wamekuwa wakiomba kwa miaka mingi kwamba uchunguzi huo uwe wa wote.

Lakini mkazi wa jimbo moja na mkazi wa jimbo jingine, wasio na leseni, hawaruhusiwi kuuziana moja kwa moja. Tangu sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968, silaha hiyo lazima ipitie kwa mwenye leseni, kwa kawaida katika jimbo la mnunuzi. Muuzaji huipeleka dukani, mnunuzi huenda mwenyewe, hujaza fomu, huchunguzwa, hulipa ada ya duka, ndipo hukabidhiwa. Kwa hiyo muuzaji wa jimbo jingine asemapo, "Nitakutumia mpaka mlangoni," yamekwisha. Ama anadanganya, ama anakualika katika kosa la jinai. Hakuna nafasi ya tatu, wala huna haja ya kuendelea kumchunguza.

Yule baba alipelekewa picha ya leseni, akatulia. Leseni za kweli huibwa picha na kutumiwa na matapeli. Idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, yaani ATF, ina huduma ya bure mtandaoni iitwayo FFL eZ Check; huandikwa tarakimu 3 za kwanza na 5 za mwisho za namba ya leseni, nayo huonyesha kama leseni hiyo ni hai na ni ya anwani ipi. Hata hivyo usiishie hapo, maana tapeli aweza kuwa amechukua leseni iliyo hai ya duka la watu. Tafuta mwenyewe namba ya simu ya duka hilo, si ile aliyokupa yeye, upige na kuuliza kama wanamjua. Baba huyo alipopiga, miezi miwili baada ya kuibiwa, mwenye duka alimjibu kwa uchovu kwamba yeye alikuwa mtu wa nne kuuliza.

Na picha ya bastola yenyewe? Mwambie muuzaji apige picha mpya, bastola ikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mali hufanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nayo huanza kukasirika, ama hukuambia kwamba yuko safarini. Mwambie pia kwamba mtakutana katika duka lenye leseni na kwamba uko tayari kulipa ada. Tumeambiwa na watu wa kazi hiyo kwamba neno hilo peke yake huwaondoa wengi.

Tuseme kwa ufupi na juu ya bei. Katika kitabu cha Tobiti, yule mzee kipofu alisikia mwana-mbuzi akilia nyumbani mwake akamwuliza mkewe kama si wa wizi. Siku ile alimkosea mkewe, maana mbuzi alikuwa wa halali, nasi kila tunapoisoma habari hiyo twamwonea huruma mama Ana. Lakini swali lenyewe lilikuwa jema. Bastola ya dola 500 inapouzwa nusu bei bila sababu, na ikawa si utapeli, basi huenda ni ya wizi. Kupokea silaha ambayo una sababu za kutosha kuiamini kuwa ya wizi ni kosa la sheria ya serikali kuu, na kuwa nayo hali ukijua kwamba namba yake iliyochongwa kwenye chuma imefutwa ni kosa jingine.

Wako wasiopaswa kununua kabisa. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na mwenye grinkadi hawakatazwi na sheria ya serikali kuu kwa sababu ya uraia peke yake. Bali anayeishi kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa na sheria. Na asiye na kibali halali cha kuwako nchini amekatazwa. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2022 adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Na hukumu ya kosa la silaha yaweza kumfanya hata mwenye grinkadi arudishwe alikotoka. Ndugu zetu wanafunzi, twawasihi: msijaribu, hata kwa matembezi ya porini na marafiki, kabla ya kuuliza mwanasheria.

Hapa huzuka desturi yetu ya kusaidiana. "Mjomba, wewe una makaratasi, ninunulie." Katika ukoo jambo hilo huonekana dogo kama kumnunulia mtu dawa. Sheria hailioni hivyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyenunua bastola kwa fedha za ndugu wa mzazi wake, akaandika katika fomu kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki silaha. Hata hivyo mahakama, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilithibitisha hatia yake.

Kisasi kilichokosea nyumba

Turudi kwa baba yetu. Habari ilipojulikana katika ukoo, wapwa zake wawili, vijana wenye nguvu na wenye kumpenda, waliichukua ile picha ya nyumba na kwa ustadi wao wa mtandao waliitambua mtaa na mji. Ulikuwa mwendo wa saa sita kwa gari. Walikuja kutuaga, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, maana wangeweza kwenda bila kuaga.

"Padre, tunakwenda kuongea naye tu," mkubwa wao alisema.

Tuliwauliza, kama ni kuongea tu, mbona wameazima bastola. Hawakujibu. Tuliwaomba watupe siku moja. Tulimpigia simu paroko wa mji ule, padre tuliyesoma naye, tukampa anwani. Jioni alitupigia. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja mjane, aishiye peke yake, aliyekuwa ameitangaza kuiuza miaka kadhaa iliyopita kisha akaghairi. Picha zake zilibaki mtandaoni na tapeli akachukua mojawapo. Hakuwa amesikia habari ya bastola yoyote. Paroko alituambia kwamba bibi huyo hulala na bunduki ya marehemu mumewe karibu na kitanda.

Hebu fikirini vijana wawili wageni, weusi, wenye hasira, wakigonga mlango ule saa nne za usiku. Mtu aliyepanga yote hayo angekuwa amelala mahali pasipojulikana, pengine nje ya nchi hii kabisa, na dola zake 1,000 amekwisha kuzitumia. Tapeli wa mtandaoni hana uso, na uso anaouonyesha ni wa mtu mwingine. Basi anayemfuata ili kulipiza kisasi humfikia huyo mwingine. Ndiyo sababu twawakataza, kwa mamlaka yote tuliyo nayo, kumfuata tapeli wenyewe, kumtishia kwa ujumbe, ama kutangaza picha na jina mlivyovipata mtandaoni mkisema, "Huyu ndiye mwizi."

Baada ya kudanganywa

Basi afanye nini aliyeibiwa? Kwanza asifute kitu. Wengi wetu, kwa haya, hufuta mazungumzo yote ili mke au mume asiyaone, na kwa kufuta huko huiua kesi yao. Ayahifadhi matangazo, namba, risiti na tarehe. Pili awahi benki au kampuni ya malipo siku ile ile, ikiwezekana saa ile ile, aseme ukweli wote. Mara chache fedha huzuiliwa kabla hazijatoka, baada ya hapo ni vigumu sana. Aliyetoa namba za kadi za zawadi ampigie mwenye kadi hizo bila kukawia. Kisha aandikishe malalamiko katika kituo cha FBI cha makosa ya mtandao, kiitwacho IC3, katika tovuti ya ic3.gov, na kwa tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, katika reportfraud.ftc.gov, na apeleke taarifa polisi wa mji wake ili apewe namba ya taarifa. Msitegemee kwamba mtarudishiwa fedha. Baba yetu hakurudishiwa. Lakini malalamiko yanayofanana hukusanywa pamoja, na la kwako laweza kuwa ndilo linalokosekana.

Na yule anayejiita ofisa na kudai kadi za zawadi, huyo mkatieni simu. Hakuna idara ya serikali inayopokea faini kwa kadi za dukani. Siku baba huyo alipokuwa ofisini kwetu simu ile ililia tena. Tuliipokea sisi, tukajitaja, tukauliza jina la ofisa na kituo chake. Ilikatika, wala haikulia tena.

Kwa yule aliyejaribu kununua hali hana ruhusa, ushauri wetu ni tofauti kidogo. Asinyamaze, lakini aanze kwa mwanasheria kabla ya kuandika popote. Ofisi za Catholic Charities katika majimbo mengi huwasaidia wahamiaji kwa ada ndogo, nasi tuko tayari kumpeleka mtu kwa mkono.

Neno kwa anayeuza

Hatutaki kujifanya kwamba udanganyifu u upande mmoja tu. Wamo kati yetu wanaomiliki silaha kihalali na watakaotaka kuziuza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha teolojia, aliuliza kwa kirefu juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua, akafundisha kwamba muuzaji hana budi kuufichua ubovu uliofichika unaoweza kumdhuru mnunuzi. Katika silaha ubovu waweza kuwa katika chuma, lakini waweza pia kuwa katika mkono wa anayeipokea. Kama mtu usiyemjua anakupa dola 100 zaidi ili msipite dukani, jiulize analipia nini. Hayati Papa Fransisko, alipohutubia Bunge la Marekani mwezi wa Septemba 2015, aliuliza kwa nini silaha za kuua huuzwa kwa watu wanaokusudia kuwatesa wengine, akajibu kwamba ni kwa ajili ya fedha tu. Alikuwa akisema juu ya mataifa na wafanyabiashara wakubwa. Sisi twaona swali hilo laingia pia katika maegesho ya gari, ambapo watu wawili hupeana bahasha na sanduku bila kujuana majina.

Kuhusu wale waliokwisha kuwadanganya wengine, kwa silaha au kwa kingine chochote, mafundisho ya Kanisa ni yale yale: toba bila kurudisha mali ya watu haijakamilika. Zakayo hakuishia kusikitika. Baba yetu naye, ambaye alikuwa mwenye kudanganywa na mwenye kudanganya kwa pamoja, alisimama mbele ya jumuiya yake akaeleza. Ilikuwa jioni ngumu. Mama wa yule mtoto aliyefariki alikuwapo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kwa nini hakuwaambia tangu siku ya kwanza, maana wangechanga upya na jeneza lisingengoja siku tatu. Baba huyo hakuwa na jibu. Dhamana ya mfuko aliiacha. Fedha alizirudisha kwa miezi sita, dola 100 kila mwezi, na mtunza hazina mpya amemwandikia risiti zote.

Viongozi wa jumuiya, ndipo tunapowaombeni mambo mawili. Mfuko wa rambirambi usikae mkononi mwa mtu mmoja; uwe na sahihi mbili. Na mtu akija kuwaambia kwamba ametapeliwa, kwa jambo lolote lile, msianze kwa kumcheka wala kwa kumwuliza alikuwa anatafuta nini huko.

Baada ya Misa ya leo na ya Jumapili ijayo Tume itakuwa na meza ukumbini, karibu na mlango wa jikoni. Watakuwapo vijana wawili wa kusaidia kujaza fomu za mtandaoni, na mwanasheria atakuja Jumapili ijayo. Njoni na simu zenu, na ujumbe wote ukiwamo.